Mshipi Usio na Ndoana

Katika mji wetu wa Maine sheria ni kongwe:
kati ya maji kujaa na maji kupwa
ufuo ni wa mwenye nyumba,
ila umma waruhusiwa kuvua,
kuwinda ndege, kupitisha chombo.
Kutembea tu hakukutajwa.

Ndiyo maana Bi Odile Thibodeau,
miaka themanini na miwili, goti la chuma,
hushuka ufuoni na mshipi usio na ndoana.
Mlinzi akimfokea, hujibu: "Navua."
"Unavua nini?"
"Wakikubali nitakwambia."

Mimi ni karani wa mipango. Kazi yangu
kupaka ramani rangi: njano nyumba, kijani bustani,
buluu maji; na hiyo buluu, ilivyo pana,
ina mlango mmoja, nyuma ya mapipa ya taka.

Usiku wa kikao nilileta mchoro:
ujia wa futi sita kati ya nyua mbili,
benchi, mteremko wa kiti cha magurudumu.
Futi sita! Wakili wao akacheka.
Maji ya kifuu, nikajisemea, bahari ya chungu.

Wakaahirisha hadi Machi.

Bi Odile hakunena neno. Nje, theluji ikianza,
alifungua buti la gari, akatoa mshipi mwingine,
wa marehemu mumewe,
ufito umelainishwa na kiganja,
akanikabidhi kama anayekabidhi ufunguo.

Kesho maji yatakupwa saa moja kasorobo.
Sitabeba chambo.