Hali ya Hewa, Jumatano

Kabla ya herufi, nawafunza mvua.
Mstari wa kushuka: juu, chini, inua mkono,
juu, chini, inua mkono.
Kisha jua, ambalo ni duara,
na duara halina mlango: rudi ulipoanzia.
Wingu ni vilima vitatu vilivyoshikana.
Upepo ni nyoka anayejifanya amelala.
Wakishaweza hayo, nusu ya alfabeti wanayo
na hawajui kama wanayo.

Chati yetu ni boksi la tende lililopasuliwa,
limepigiliwa ukutani baina ya dirisha
na ule ufa ambao mwenyekiti wa kamati
anaahidi kuuziba tangu mchoo wa mwaka juzi.
Hapa Siyu kila asubuhi mtoto mmoja huchungulia nje,
akarudi na habari,
akaandika herufi moja chini ya siku.
J ni jua. U ni upepo.
M, hapo ndipo tunapogombana,
maana mvua na mawingu vinachangia herufi moja
kama ndugu wawili wenye jozi moja ya kandambili.
Mwanamize ndiye aliyekata shauri:
M ya mvua itiwe nukta chini.
"Hii inatona, ticha."
Sikuiona hiyo kwenye mtaala.

Leo zamu ya Bunu,
miaka mitano, kitukuu cha mnakili misahafu,
anayeshika penseli kama anayemshika kuku shingo.
Alikwenda mlangoni, akatoa ulimi, akaonja.
"Mvua," akasema, "lakini changa bado."

Hakuanza na herufi. Alianza na mvua yenyewe,
toka kulia.
Mistari yake ikaja ikiteremka
kutoka ukingo wa Ijumaa kuelekea Jumatatu,
imelala, imeinama,
kama mkono wake ulivyozoezwa chuoni,
ambako kalamu hurudi nyumbani kwa njia ya kushoto.
Nikanyanyua mkono nimrekebishe:
Bunu, huku twaanzia

Mabati yakalia.
Sote tukageukia dirisha.
Mvua ya kusi ilikuwa inavuka ua wa shule
kutoka kulia kwenda kushoto,
imelala vile vile, imeinama vile vile,
ikimkimbiza punda wa kina Kupi hadi kibarazani,
ikifuta mistari ya kiwanja tuliyochora kwa jivu.
Watoto ishirini na mmoja wakatazama boksi,
wakatazama nje,
wakanitazama mimi.

Mkono wangu ulikuwa bado juu.
Nikautumia kufunga dirisha.

Kesho nitamwonyesha upande wa kuanzia.
Kesho. Na nitatafuta boksi jingine,
hili limerowa huko kwenye Alhamisi,
na M ya Bunu, yenye vilele vitano badala ya viwili,
aliyoiandika mwisho, ulimi ukiwa nje,
akasahau kuitia nukta,
imeanza kutona yenyewe.