Taya Laini

Saa kumi na mbili na nusu, Keighley bado giza,
mvua ya Januari inakwaruza bati la karakana.
Nimeletewa vifuniko arobaini vya pampu, alumini tupu,
ukuta wake mwembamba, duara upande mmoja,
upande wa pili umbo la figo.
Utakishika wapi kitu kisicho na pembe?

Taya za chuma za jiliwa zina meno.
Zinashika, sikatai, ila huacha alama,
na mteja wa Leeds halipii alama.
Kwetu kung'ata na kupuliza ni tabia ya panya.
Hapa ndiyo kazi yenyewe.

Nikachukua taya laini, za alumini,
nikazifunga bolti mbili mbili,
nikaweka sifuri yangu kona ya kushoto,
nikaiamuru mashine: chimba figo, kina milimita sita.
Maji ya kupozea yakamwagika meupe kama tui
na shimo likatoka zuri,
zuri hata nikalipiga picha.

Kifuniko cha kwanza kikakaa. Nikakaza.
Kikacheza. Unywele tu.
Kisu kikapiga yowe
na kifuniko kikaenda kugonga kioo cha mlango.

Doreen Pickersgill alimaliza chai yake kwanza.
Miaka thelathini na moja kwenye mashine hizi,
magoti mabovu, aniita Mvua
kwa kuwa Mwanamvua zima humshinda.
"Ulipozikata, zilikuwa zimeuma nini?"
Hazikuuma kitu.
"Basi."
Akarudi kwenye kikombe kuhakikisha kimekwisha.

Mkono mtupu haulambwi; kumbe na taya tupu
haikatwi. Ikilegea ina umbo lake,
ikibanwa inainuka, inapinda, inakuwa taya nyingine,
nami nilikuwa nimeipima usingizini.
Nikaokota kipande cha nondo kwenye ndoo ya vyuma chakavu,
nikakilaza chini kabisa kati ya taya mbili,
nikakaza hadi kwenye alama ya rangi nyeupe,
nguvu ile ile itakayotumika kazini,
ndipo nikakata upya.

(Miaka mitatu katika mji huu
nimejichonga sijashika kitu.
Hilo sikumwambia Doreen.)

Arobaini vilitoka Ijumaa, hakuna hata mkwaruzo.
Thelathini na tisa, kusema kweli,
na kimoja kilichokwangua mlango nilikiweka mfukoni.
Nikazipaka taya mafuta, nikazigonga namba,
nikazipeleka rafu ya nyuma walikolala wenzao:
jozi kwa jozi, midomo wazi,
kila moja na umbo la kitu kilichokwisha kuondoka.

Jozi moja imeandikwa D.P., 1998.
"Za nini hizi?"
"Sikumbuki hata kidogo," akasema, akitafuta koti.
Nikatia kidole ndani, nikazunguka polepole.
Kila kona ameitoboa tundu dogo
ili ncha ya kipande, chochote kilichokuwa,
ipate pa kupumulia.