Vidole Viwili

Simama wima, Abednego. Pumua kama kawaida yako,
usilibane tumbo kana kwamba uko mbele ya mpiga picha.
Hapa Mtaa wa Sikukuu hatupimi fahari, tunapima mtu.

Umeniletea suruali ya mtumba, ya Karume,
nzuri, sikatai, sufi yake haijachoka,
lakini aliyeivaa kwanza aliivalia nyongani,
na kizibao nilichokushonea mimi kinaishia kiunoni.
Katikati yao, tazama kioo,
shati linachungulia
mfano wa mpangaji anayetaka kujua
kama mwenye nyumba ameshapita.

Hilo ndilo sitaki.

Inua mkono wa kulia. Juu zaidi, kama unampungia shangazi
aliyetoka Tukuyu akawekwa meza ya nyuma, karibu na spika.
Umeona? Sasa shati lote limetoka barazani.
Na siku hiyo utainua mikono, utake usitake:
kuna keki, kuna glasi, kuna kamati
itakayokubeba juujuu kabla pilau haijapoa.

Marehemu Fundi Mbaraka, aliyenifundisha kushika mkasi,
hakutumia futi sehemu hii.
Alilaza vidole viwili, cha shahada na cha kati,
pale kizibao kinapokutana na kiuno cha suruali:
"Vifunikwe hivi viwili. Kimoja ni ubahili,
vitatu umemshonea gauni."
Basi. Akarudi kwenye kahawa yake.

Utaniambia nikirefushe kizibao.
Wengi husema hivyo. Niliwahi kukubali, harusi moja ya Ilala,
bwana harusi akatoka na miguu mifupi kama ya stuli.
Picha bado iko ukutani kwao. Mtaa ule sipiti.

Na huo mkanda uvue. Bizimu litavimba chini ya kitambaa
kama mtu aliyemeza kufuli.
Nitakushonea vifungo sita kwa ndani,
uining'inize suruali mabegani,
ikae kwenye kitovu, ishuke moja kwa moja mpaka kiatuni.
Kifungo cha mwisho cha kizibao kiache wazi.
Sijui nani alianza. Ukikaa kula utaelewa.

Unatazama saa. Unahesabu pesa kimoyomoyo, naiona midomo.
Suruali nyingine huna, na Jumamosi haisogei.

Kaa hapo kwenye benchi.
Yapo mabaki ya kitambaa cha kizibao, shubiri moja na kitu.
Nitaifumua suruali kiunoni, nipachike kipande,
vidole vinne kwenda juu.
Rangi hazitaoana, kijivu hiki na kile hawajuani,
lakini kizibao kitafunika.
Koti vua ukitaka, jasho la Dar halina adabu.
Kizibao usivue ukumbini, hata wakikushangilia.

Mkifika nyumbani, usiku, viatu vimeshaachwa mlangoni,
Nsia atafungua vifungo kimoja kimoja
auone mshono wangu,
vitambaa viwili visivyofanana vimeshikana
mahali ambapo ukumbi mzima haukupaona.
Mwambie fundi aliishiwa kitambaa.
Au usimwambie kitu.