Kona ya Ntusi

Ramani ilichora mstari mnyoofu
kukata kile kilima kifupi.
Rwabwogo akazima greda.
"Wenyewe wamo ndani. Saa hizi wanakamua."
Mhandisi alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Sista Nuala wa zahanati hakucheka.
Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shuka.
Kwao Ayalandi, alisema, upo mti wa miiba
peke yake katikati ya konde;
babake alilima akiuzunguka miaka arobaini,
na tone la kwanza la maziwa
hakulinywa mtu.

"Majina yao?"
"Hatuyataji."
"Hata sisi."

Barabara imepinda pale.
Hakuna mto, hakuna mwamba.
Usiku madereva hupunguza mwendo, hawajui kwa nini,
na garini huingia harufu
ya maziwa yenye povu bado.