Kilo Sitini na Moja

Wasyl hakunifundisha. Alipakia mwenyewe,
miaka ishirini na sita, mimi nikikunja taulo
na kudhani kazi ya safari ni taulo.
Mizani ya bafuni aliisafirisha chini ya sinki.
Nilimcheka: mwanamume na kitambi chake
anajipima mpaka porini!

Juni hii niliondoka Lethbridge peke yangu.
Kijitrela chetu cheupe, cha mviringo kama yai,
nilikijaza kama ninavyojaza kabati:
vyepesi mbele, karibu na mkono,
na kule nyuma kabisa, chini ya kitanda,
makreti matatu ya mawe yake,
mawe ya mtoni, ya kijani, ya damu ya mzee,
kilo thelathini kila kreti.
Nyuma, nisiyaone.

Upepo wa Pincher Creek hauna adabu.
Miti ya huko imeinama upande mmoja
kama watu wanaosikiliza ukutani.
Lori la ng'ombe likanipita,
na mkia ukaanza.
Kwanza kidogo, kama wa mbwa anayekujua.
Kisha kulia, kushoto, kulia,
pikapu nayo ikaitikia,
na kioo cha pembeni kikanionyesha yai zima
likija kunisalimu.

Mguu ulitaka breki. Mguu ni mjinga.
Niliuinua kwenye mafuta, nikauacha hewani,
usukani nikaushika wima, sikushindana nao,
kidole kikatafuta kile kitufe chini ya dashibodi
kinachofunga breki za trela peke yake.
Nikakibonyeza, nikakibonyeza,
hadi mnyama akachoka.

Kando ya barabara nilitapika chai.
Halafu, kwa hasira zaidi kuliko akili,
nikaweka kabari kwenye magurudumu, nikatoa mizani.
Gogo juu ya mizani, shingo ya trela juu ya gogo,
jeki ikashuka, sindano ikatetema, ikatulia:
sitini na moja.

Katika droo ya pikapu kulikuwa na daftari lake.
Trela na vyote vyake: kilo elfu moja na mia mbili.
Na chini, kwa penseli, mwandiko wa kubana:
*Shingo ibebe sehemu ya kumi, au zaidi kidogo.
Vizito chini, juu ya ekseli, mbele yake kwa shubiri.
Tangi la maji lijae au liwe tupu; nusu hucheza.
Mkia mzito humwendesha dereva.
Darka hapendi kuambiwa. Nipakie mimi.*

Nilisoma mstari wa mwisho mara ngapi, sijui.

Elias Waldner wa koloni la Wahutteriti
alisimamisha gari lake la viazi.
"Ni nini humu?"
"Mawe."
"Ya kazi gani?"
Sikuwa na jibu. Alivuta suruali yake juu,
akabeba kreti mbili, mimi moja,
tukayapanga sakafuni, mbele kidogo ya ekseli,
tukayafunga kwa mkanda yasitembee.
Njiani kwenda kitandani, hapo hapo.
Tangu siku hiyo, kila usiku nikiamka kwenda haja
nakipiga kidole gumba changu cha mguu
na kumtukana marehemu kwa jina lake kamili.

Tulipima tena: mia moja thelathini na tano.
Elias akaondoka, akaniachia mkate.

Kabla ya kuirudisha mizani chini ya sinki
nilipanda mwenyewe, na viatu vyangu.
Tangu Februari, kilo tisa zimekwenda.
Upepo ulikuwa bado unavuma.
Nikala mkate wote nikiwa nimesimama,
mgongo umeegemea yai,
nalo halikutikisika.