Mkalimani wa Rika

Siku ya kwanza alipotaja jina lake watoto walicheka.
Riikka, alisema, akilivuta kama kamba ya ndoo,
na darasa zima likaitikia: Rika! Rika!
Nikamweleza kwamba kwetu hao ni watu wa umri mmoja,
mlioingia jandoni msimu mmoja,
mkaogopa wembe mmoja.
Akaliandika kwenye daftari, chini ya "maji" na "pole".

Kitangari, mwezi wa sita, ukungu mpaka saa nne.
Yeye alitoka Ufini na wenzake sita,
na mipira, na gitaa, na dawa ya mbu ya kutosha wilaya.
Mimi nilitoka ng'ambo ya barabara.
Sote tuliitwa watu wa kujitolea,
ila yeye alikuwa na fulana ya kambi
na mimi nilikuwa na Kiingereza cha kidato cha nne.

Kazi ya mkalimani ni kuazima "mimi" ya mwenzako.
Akisema nimezaliwa kwenye baridi, nasema nimezaliwa kwenye baridi.
Akisema napenda samaki mbichi, nasema napenda,
tumbo likikataa.
Watoto wanamtazama yeye, wanamsikia mimi.
Jioni nairudisha, kama bakuli la jirani,
nikiwa nimeisuuza.

Usiku wa nne ilikuwa zamu yake ya ushuhuda.
Jenereta lilikohoa, likazima. Tukawasha tochi za simu.
Akasema: Baba yangu alitoka asubuhi.
Nikasema: Baba yangu alitoka asubuhi.
Akasema: kulikuwa kweupe kila mahali.
Nikasema: kulikuwa kweupe kila mahali.
Akasema: alikwenda kuvua, akitembea juu ya ziwa,
na barafu ikavunjika.

Hapo nikasita.
Barafu ni ile ya kwenye kifuko, ya shilingi mia,
unaing'ata kona, unainyonya hadi nyumbani.
Nani atasadiki kwamba ilimuua mtu?
Nikatafuta weupe mwingine,
nikakuta salfa.

Nikasema: alifunga kitambaa puani, akabeba bomba mgongoni,
akaingia mikoroshoni kabla umande haujakauka,
mikorosho ya watu.
Alirudi mweupe nyusi, mweupe kope,
tukamcheka, akatukimbiza uani kama mzimu.
Akakohoa Julai. Akakohoa Agosti.
Mwaka ule korosho zilikuwa na bei nzuri.
Nikasema: sikulia.
Nilipewa panga nichonge msalaba, nikachonga.

Yeye alikuwa amenyamaza zamani.
Sentensi yake moja, yangu imekuwa shamba zima.
Mlangoni Tekla Nachilima, mpishi wetu,
aliacha kukwangua sufuria.
Yeye ndiye aliyekuwa akimletea uji.

"Kiswahili ni kirefu," Rika alininong'oneza kwa Kiingereza.
Ndiyo, nikamwambia. Ni kirefu.
Akawageukia watoto, akaendelea:
Siku ile Mungu alinishika mkono.
Nami nikasema, nikichelewa kidogo,
Mungu alimshika mkono.
Wiki nzima nilikuwa sijasema "yeye".
Hakuna mtoto aliyeshtuka, isipokuwa mmoja wa mstari wa mbele,
Hilari, ambaye hushtukia kila kitu.

Baadaye tuliosha vikombe, mia na kumi na viwili,
kwa majivu na maji ya kuhesabu,
maana Newala maji hupandishwa kutoka bondeni.
Bi Tekla aliniwekea ukoko pembeni, hakusema kitu.
Rika alisugua kikombe kimoja muda mrefu mno.
"Salfa," akasema. "Hilo neno nililielewa."

Nilingoja aulize.
Nilikuwa na uongo tayari, wa kisarufi kabisa.
Lakini alifikiri, midomo ikijaribu kwanza bila sauti,
kisha akalitamka lile la pili kwenye daftari lake.

Nikampa kikombe kingine asuuze.