Vipimo vya Mama

Mama alikuwa mshoni hapa Uwajima
na daftari lake la vipimo ninalo bado:
ukurasa wa kushoto Tsuruko, wa kulia mimi.
Urefu, mabega, kifua, kiuno,
kwa penseli, mwaka hadi mwaka,
na kando ya jina la dada yangu, kwa herufi ndogo:
Bega la kushoto liko juu. Kidari kimebonyea.
Ongeza pamba ndani ya bitana.

Pamba ikaongezwa. Akapendeza.
Watu wakasema jina limempata mwenyewe,
maana kwetu tsuru ni korongo,
na alivuka mtaro kwa hatua moja
mimi nikitafuta ubao.
Mimi Fusae, gunia la mchele.
Hakuna ndege aliyenifaa.

Miaka sitini baadaye Daktari Imabeppu
anawasha picha ukutani:
mapafu ya dada yangu, yametobolewa
kama kabichi iliyopitiwa na viwavi.
Si kifua kikuu, anasema. Ni binamu yake,
mkaa udongoni, mkaa ndani ya bomba la maji ya moto;
hatoki kwa mtu kwenda kwa mtu,
na hana haraka.

Akachukua utepe.
Urefu. Kifua. Mgongo, pale unapopinda.
Maneno yake niliyajua kabla hajafungua kinywa.
"Wa umbo hili tunawaona wengi," akasema,
"wanawake warefu, wembamba, wa makamo na zaidi,
hata sigara hawajaigusa."

Nikauliza, kwa kuwa kuna mtu alipaswa kuuliza:
Tumeoga bafu moja tangu utoto.
Tumepalilia machungwa kwenye matuta yale yale,
na vumbi mimi nimelimeza zaidi,
maana yeye hupalilia kimya, mimi hupalilia na mdomo.
Mbona mimi sina?

Akanitazama tumbo, kwa adabu,
kisha akaitazama kalamu yake.
Mafuta si mzigo tu, akasema. Mafuta hutuma habari.
Huwaambia walinzi wa mwili: akiba ipo, kesheni.
Kwa aliyekonda sana, huenda habari hufika kama mnong'ono.
Huenda na kifua chenyewe, kwa kubanwa,
hakitoi makohozi sawasawa.
Huenda. Nilizihesabu huenda zake, zilikuwa tano.
Wala hatujui kila mara, akasema,
kama wembamba ndio uliomkaribisha mdudu
au mdudu ndiye aliyeula mwili.

Daftari linajua, nilitaka kumwambia.
Alikuwa na miaka tisa.

Wasemao kikohozi hakifichiki
hawajamwona Tsuruko.
Miaka thelathini alifundisha watoto kuandika kwa brashi,
na kila kikohozi alikimeza
ili mkono wa mtoto usitetemeke juu ya karatasi.
Sasa mtaalamu wa pumzi anamfundisha kukohoa
kama mtu anayejifunza kutukana:
kwa nguvu, mama, kwa nguvu zaidi.

Vidonge ni vya aina tatu.
Kimoja huonja kama sarafu.
Cha pili kinaweza kuiba rangi machoni,
kwa hiyo kila mwezi anasomeshwa nukta nyekundu na za kijani.
Cha tatu hugeuza mkojo na machozi kuwa ya chungwa.
Jumapili alikata kitunguu, akajipangusa,
akaitandaza leso mbele yangu.
"Matunda mabaya mwaka huu," alisema,
"lakini rangi, Fusae, itazame rangi."
Tulicheka hadi akakohoa. Hakukimeza.

Nampikia viazi vitamu, mayai, samaki mwenye mafuta.
Hula matonge manne, hunisukumia sahani.
Nikila, najiona mwizi.
Nisipokula, ananigombeza.

Jana nilimpandisha kwenye mizani.
Nikafungua ukurasa wa kushoto, nikaandika
chini ya mstari wa mwaka wa harusi yake:
kilo thelathini na tisa na nusu.
Nusu hiyo nilikaa nayo kidogo.
Akaninyang'anya penseli,
akaufungua utepe wa mama wote, hadi sakafuni,
akaupeleka macho ukurasa wa kulia.
"Simama wima," akasema. "Zamu yako."